Maua ya polepole: kulea okide katika barza zetu za Wagenia

Maneno ya mfanyakazi wetu wa nyanjani mbele ya mkutano wa wanachama na wageni. Tumeyaandika karibu na jinsi yalivyosemwa.



Niliombwa niseme juu ya maua. Najua kuna mtu hapa anajiuliza: sisi tuliorudi bila sufuria, leo tunafundishwa maua? Basi nieleze kwanza. Miezi hii wanachama wengi wamekuja kwangu na jambo moja. Wanaenda porini kutafuta kuni na makala, mti mkubwa unaangushwa, na juu ya matawi yake wanakuta mimea yenye mizizi minene meupe, mingine na maua. Wanaileta nyumbani, wanaipanda kwenye udongo ndani ya kopo, wanaimwagilia asubuhi na jioni kama lengalenga, na kisha ya wiki tatu imeoza. Jambo la pili ni vanila. Kuna watu wanapita katika parsele wakisema vanila ni dola, toeni pesa ya likelemba munue miche. Munapaswa kujua kwamba vanila nayo ni okide. Ni ndugu wa yale maua ya juu ya miti. Kwa hiyo anayejifunza kulea okide moja katika barza yake, anajifunza vilevile kumjibu yule mwenye kuuza miche.

Tuanze na tabia ya mmea wenyewe. Okide nyingi za msitu wetu haziishi katika udongo. Zinakaa juu ya tawi. Tena hazimnyonyi mti, kama wengine wanavyosema. Zinakaa tu, kama mpangaji. Chakula chake ni kile kinachoshuka: maji ya mvua yanayopita juu ya ganda la mti, vumbi, majani yaliyooza, mavi ya ndege. Ni chakula kidogo sana. Ndiyo sababu mmea unakwenda polepole, pengine unatoa chipukizi moja au mbili kwa mwaka mzima. Ukiupa chakula kingi kwa mara moja, hauongezi mwendo. Unaungua.

Mbegu yake pia ni ya ajabu. Tunda moja linaweza kuwa na maelfu na maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na ndani yake hakuna akiba ya chakula kama ile ya mahindi au maharagi. Mbegu ikianguka kwenye tawi, inangojea aina fulani ya kuvu iingie ndani yake na kuilisha. Pasipo hiyo kuvu, inakufa. Mfaransa mmoja, Noël Bernard, ndiye aliyegundua jambo hilo mwaka 1899. Kutoka mbegu mpaka ua la kwanza inaweza kupita miaka minne, mitano, hata zaidi. Basi munapoona okide kubwa juu ya mti ulioangushwa, mujue kwamba ule mmea pengine una umri kuliko mtoto wenu wa shule ya sekondari. Ukiachwa chini juani, utakufa. Huo ndio wa kuokota. Ule ulio juu ya mti uliosimama, uacheni. Okide zote za pori ziko chini ya mkataba wa kimataifa unaoitwa CITES, kuzisafirisha nje ya nchi bila karatasi ni kosa. Na kuna mfano wa kutuonya: kusini mwa Tanzania, kwenye uwanda wa Kitulo, watu walichimba viazi vya okide za ardhini kwa wingi sana ili viuzwe Zambia, kule vinapikwa chakula kinachoitwa chikanda. Leo Kitulo ni hifadhi ya taifa, tangu 2005, na ulinzi wa maua ndio ulioileta. Sisi tusingojee mpaka tufike huko.

Sasa kazi ya mikono. Mutanisamehe, hapa nitakaa muda.

Udongo, hapana. Mizizi ya okide ina ngozi nyeupe kama sponji. Ikikauka ni nyeupe au ya kijivu, ikilowa inageuka kijani. Hiyo ndiyo saa yenu. Hakuna haja ya kuniuliza “nimwagilie mara ngapi kwa wiki?” Angalia mzizi. Ukiwa bado kijani, acha. Ukiwa mweupe, mwagilia. Ukiwa wa kahawia na laini, ukibonyeza ngozi inatoka na kubaki uzi, huo umeoza. Ukate kwa kisu kilichopitishwa motoni, uache mmea ukauke siku mbili tatu mahali penye kivuli. Mmea hauwezi kufa kwa siku tatu bila maji. Unakufa kwa siku tatu ndani ya tope.

Mahali pa udongo tunatumia makala. Ndiyo, makala ileile ya kupikia, lakini mpya, si ile iliyokwisha kuwaka, maana majivu yana chumvi inayounguza mizizi. Vunja vipande vya ukubwa wa kidole gumba, osha mpaka maji meusi yaishe, loweka usiku kucha. Unaweza kuchanganya na vipande vya tofali la kuchoma na ganda gumu la mti. Kisha chombo. Hapa Wagenia hatuna haja ya kununua vyungu vya plastiki, kwa sababu mafundi wa vikapu wako nasi. Wageni wanakuja kupiga picha za vile vikapu vikubwa vya kuvulia samaki kwenye maji makali, vimefungwa kwa miti na kamba za msitu. Fundi anayejua kusuka kikapu kinachopitisha mto Kongo mzima na kubakiza samaki, kikapu cha okide kwake ni mchezo. Kidogo tu, cha kekele, chenye matundu wazi, cha kutundikwa. Maji yapite, hewa ipite, mizizi itokeze nje. Mizizi ikitokeza musiirudishe ndani kwa nguvu. Inatafuta hewa.

Kuna okide moja munayoiona mara nyingi, ina mashina marefu kama muwa mwembamba, na maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama chui. Wataalamu wanaiita Ansellia africana. Hiyo inatoa pia mizizi midogo inayosimama juu kama sindano. Watu wanaikata wakidhani ni uchafu. Kumbe ile ni kikapu chake! Inasimama hivyo ili kukamata majani yanayoanguka, yaoze pale, yawe chakula. Musiikate. Wazee wavuvi watanielewa upesi zaidi kuliko agronomi.

Maji. Ya mvua ndiyo bora, na mvua hapa si shida: Kisangani inapata karibu milimeta 1,700 kwa mwaka. Wekeni beseni chini ya mabati, lakini acheni mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati kwanza. Mwagilia asubuhi, si jioni. Maji yakilala usiku katikati ya majani machanga, moyo unaoza, na okide nyingi zina moyo mmoja tu kwa kila shina.

Mwanga ndiyo jambo ambalo watu wengi wanalikosa. Wanasema: ni mmea wa msitu, kwa hiyo unapenda giza. Hapana. Unakaa juu, karibu na paa la msitu, pale jua linapochujwa na majani. Ndani ya chumba chenye dirisha moja dogo, okide itaishi miaka na haitatoa ua hata moja. Majani yake yatakuwa ya kijani kizito, marefu na malegevu, na mama mwenye nyumba atasema “angalia jinsi inavyopendeza”. Inapendeza kwa njaa. Mnaotaka ua, tafuteni jani la kijani chenye manjano kidogo. Likiwa jekundu au lina doa la kuungua, jua limezidi. Barza inayotazama mashariki ndiyo bora, jua la asubuhi mpaka saa tatu au saa nne, kisha kivuli. Na musitundike karibu na bati. Saa nane mchana joto la chini ya bati lenyewe linatosha kupika jani. Shusheni kikapu kifike usawa wa kichwa cha mtu mzima, na juu yake wekeni matete au majani ya mawese.

Sasa moshi. Katika nyumba nyingi barza ndiyo jikoni. Okide inatoa matumba ya maua, yanavimba vizuri, kisha siku moja yote yanageuka manjano na kuanguka. Watu wanasema jirani amefanya kitu. Jirani hana kosa. Moshi wa jiko una gesi inayoitwa etileni, na gesi hiyohiyo inatoka katika matunda yanayoiva. Ndiyo inayoivisha ndizi zenu munapozifunika. Kwa ua, etileni ni amri ya kuanguka. Kwa hiyo mmea wenye matumba uwe mbali na mbabula, na mbali na ile kona munapoivishia makemba. Hilo tu. Musilaumiane.

Chakula: kidogo na mara chache. Mbolea ya kuku isitiwe, ni kali mno. Kuna mama mmoja alinishauri maji ya kuosha samaki, na kweli kwa sisi wa kando ya mto ni jambo la karibu. Inawezekana, lakini samaki mbichi tu, kikombe kimoja katika ndoo nzima ya maji, mara moja kwa mwezi, na siku ya pili mmea uoshwe kwa maji ya mvua. Maji ya makayabo, hapana kabisa, ile chumvi itaua kila kitu. Tena paka watakuja. Hilo ni juu yenu.

Wadudu weupe kama pamba wanaojificha kwenye kikwapa cha jani wafuteni kwa pamba iliyolowa alikoli ya farmasi. Kijana mmoja ameniuliza kama lotoko inafaa. Nguvu yake haijulikani, leo kali, kesho maji. Na tukianza kugawa lotoko katika mkutano wa maua, wajumbe watakuwa wengi mno. Konokono watafuteni usiku na taa, kwa mkono.

Na ua lenyewe linakuja lini? Hapa kila okide ina siri yake, lakini nyingi zinangojea badiliko. Kwetu hakuna kiangazi cha kweli, lakini mwezi wa kwanza na wa pili mvua inapungua, na tena katikati ya mwaka kidogo. Mashina ya mwaka huu yakisha kukomaa na kunenepa, punguzeni maji wakati huo, acheni mizizi ikae nyeupe siku kadhaa, ongezeni mwanga. Mmea ulioshiba kila siku hauoni sababu ya kuzaa. Zile okide nyeupe zenye mkia mrefu nyuma ya ua, jamaa ya Angraecum, ziwekeni pale munapokaa jioni. Mchana hazina harufu. Usiku zinanukia sana, kwa sababu zinamwita nondo. Ndani ya mkia ule mna asali, na nondo mwenye ulimi mrefu ndiye anayeifikia. Charles Darwin alipoletewa okide ya namna hiyo kutoka Madagaska, yenye mkia wa karibu sentimeta 30, alisema mwaka 1862 kwamba lazima kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Watu walicheka. Nondo huyo aliandikwa na wataalamu mwaka 1903, Darwin akiwa amekwisha kufa.

Sasa tufike kwa vanila, kwa sababu hapo ndipo pesa yenu iko hatarini.

Vanila haikutoka Afrika. Ilitoka Mexico. Ilipoletwa visiwani kwetu huku bahari ya Hindi ilipanda vizuri, ikatoa maua, lakini hakuna tunda, maana nyuki wa kwao hakuwako. Aliyeonyesha njia rahisi ya mkono ni mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841, akiwa na miaka 12. Alichukua kijiti, akainua kile kijikaratasi ndani ya ua kinachotenga dume na jike, akabonyeza kwa kidole. Kazi yote hiyo sekunde chache. Mpaka leo, kila tunda la vanila la Madagaska, la Uganda, la Beni na la Mambasa, linatungwa na kidole cha mtu, kwa njia ya yule mtoto. Ua linafunguka asubuhi moja tu. Mchana linanyauka. Siku hiyo ukienda kilio au sokoni, tunda hilo limepotea. Wale kati yenu waliokaa Uganda upande wa Bundibugyo au Kasese wanajua: msimu wa maua, mwenye shamba hasafiri.

Hesabu yake ni hii. Kipande cha mche cha urefu wa meta moja, kikipandwa vizuri, kinatoa maua ya kwanza kisha ya miaka miwili na nusu au mitatu. Kuanzia ua mpaka tunda kukomaa ni miezi minane au tisa. Kisha tunda linapashwa katika maji ya moto ya digri 65 hivi kwa dakika chache, linafunikwa kwa blanketi litoe jasho, linaanikwa kidogo kidogo, linapumzishwa ndani ya sanduku miezi. Kilo tano au sita za mbichi zinakuwa kilo moja ya kavu. Kwa hiyo mtu anayepanda leo ataona pesa mwaka wa nne. Na pesa gani? Mwaka 2018 kilo ya vanila kavu ya Madagaska ilipita dola 500. Mwaka 2020 serikali yao ikaweka bei ya chini ya dola 250. Mwaka 2023 ikaiondoa, na bei ikaporomoka. Mtu anayekuja parselini kwako na bei ya 2018 mdomoni, muulize ya mwaka huu. Muulize pia nani atanunua hapa Kisangani, kwa karatasi gani. Nyamaza, msikilize.

Wizi nao ni sehemu ya hesabu. Kule Madagaska wakulima wanachoma alama kwa pini juu ya kila tunda, na wengine wanalala shambani. Uganda serikali inatangaza tarehe ya kuvuna ili watu wasivune mbichi kwa hofu ya mwizi.

Mtazamo wangu, na nimewaambia viongozi wa chama hivihivi: pesa ya likelemba isiguswe kwa ajili ya vanila. Hata franka moja. Likelemba ni ya uzazi, ya ugonjwa, ya mtoto aliyefukuzwa shuleni. Mmea wa miaka mitatu haukubaliani na deni la miezi mitatu. Na wengi wenu munapanga, au muko katika parsele ambayo karatasi yake bado inabishaniwa. Kupanda ekari ya vanila juu ya ardhi ambayo kesho mtu atakuja na karatasi nyingine, hapana.

Lakini sikusema musipande. Vanila inakubali kulelewa kando ya nyumba, miche mitatu minne, ndani ya gunia lililojaa majani yaliyooza na maganda, ikipanda juu ya mti hai kama jatrofa, nusu kivuli nusu mwanga. Ikifika juu ya mkono wa mtu, irudisheni chini, ining'inie. Kule inapopinda ndiko maua yanapopenda kutoka. Miezi ile ya mvua chache kateni ncha yake. Mizizi yake iko juujuu, jembe lisipite pale, kuku wasiparue pale, maji yasituame. Kuoza kwa mizizi ndiyo ugonjwa wake mkubwa, na dawa ya kweli ni kutouleta: mche safi, maji yanayopita. Nyumba ikiwa na miche mitatu, watoto watajifunza kidole cha Edmond bila hasara. Miaka mitatu ikipita tutajua nani ana mkono wa kazi hii, na soko limesimama wapi.

Na kuna jambo ambalo watu wa historia yetu watalielewa. Wengine hapa mulikimbia zaidi ya mara moja, tangu ile vita ya Siku Sita ya mwezi wa sita 2000. Muhogo hauhamishwi shambani. Mti wa mpapai haubebwi. Okide inatolewa katika kikapu, inafungwa kwa kitambaa kikavu, na inakaa wiki mbili bila kufa. Kipande cha vanila chenyewe wakulima wanakiacha kinyauke wiki moja kivulini kabla ya kupanda, ndivyo kinavyotoa mizizi vizuri. Sisemi hivi ili mukae mukiwa mumefunga mizigo. Nasema kwa sababu mzee mmoja aliniuliza: “Kwa nini nipande kitu cha miaka minne?” na hilo ndilo jibu nililokuwa nalo.

Kwa marafiki wafadhili, neno moja. Fomu zenu za ripoti zina miezi kumi na miwili. Okide haijui fomu. Mwaka wa kwanza munaweza kutuuliza: mizizi mipya ni mingapi, mimea iliyo hai ni mingapi kati ya iliyookotwa, fundi wa vikapu amelipwa kiasi gani. Tutajibu kwa ukweli. Mukituuliza mauzo ya vanila mwaka wa kwanza, mutatulazimisha kuwaandikia hadithi. Na mkitaka kuona jinsi mimea ya nchi hii ilivyotunzwa kwa subira, shukeni na mto mpaka Yangambi, kilometa kama 100, mukaone herbari ya INERA: karatasi kwa karatasi za mimea iliyokaushwa na kuandikwa jina, kazi iliyoanza wakati wa Wabelgiji, chini ya INEAC iliyoundwa 1933, na inayoshikwa na Wakongomani mpaka leo.

Basi tupange. Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane kwa mafundi wa vikapu, kando ya maporomoko. Kila mtu alete makala iliyokwisha kuoshwa, ujazo wa kopo moja la maziwa, na kisu kikali. Mwenye mmea uliookotwa aulete hata kama unaonekana umekufa. Tutaangalia mizizi pamoja. Wasio na mmea watapewa vipande vya ile Ansellia kubwa iliyoangushwa na mti wa juzi, tutaigawa kwa kisu, kila kipande kibaki na mashina matatu kwa uchache. Mvua ikinyesha tutangojea chini ya paa la chama. Walete pia mabeseni.